Jinsi Nilivyosalimia Udada Mzima

Mwaka wangu wa kwanza chuoni nilikuwa nakula chakula cha mchana ndani ya basi. Si kwamba nilikuwa na haraka. Darasa la asubuhi likiisha, wenzangu walitoka makundi makundi kuelekea kantini, nami nikabaki nimeinamia mkoba kana kwamba kuna kitu kimenipotea, mpaka wote waishe. Halafu naenda kituoni, napanda basi la Winson Green, nakaa orofa ya juu kule nyuma, nafungua mkebe wangu wa wali na ndengu. Chakula cha kwetu hakina siri. Harufu inatembea basi zima, na mara kwa mara mtu wa mbele anageuka kuangalia. Lakini huyo ni mtu mmoja. Kantini ningeangaliwa na watu mia.

Nilikuja Birmingham, Uingereza, nikiwa kidato cha pili, nikamalizia sekondari huku. Siku ya kwanza darasani nilijibu swali, mwalimu akaniomba nirudie. Nikarudia. Akaniomba tena, kwa upole kabisa, na mimi nikasema basi, haina haja. Nafikiri hapo ndipo nilipoanza kuwa mtu wa kunyamaza. Nyumbani sikuwa hivyo. Nyumbani Mama alikuwa akiniambia nipunguze mdomo.

Kwa hiyo nilipoingia chuo nilikuwa nimeshapanga mambo moyoni bila kumwambia mtu. Mama anafanya kazi katika nyumba ya wazee, anawaogesha, anawalisha, anawasikiliza, na pale kila mara wanatafuta watu. Nilijiambia hivi: nikifika Krismasi bila hata mtu mmoja wa kukaa naye, naacha chuo naenda kulea wazee na Mama. Kazi yenyewe haikunitisha. Wazee hawakwambii urudie ulichosema, wengi hawasikii mara ya kwanza hata wakiongea na watoto wao.

Tangazo la udada nililiona kwenye mlango wa choo cha wasichana, ndani, mahali ambapo huwezi kujifanya hujaliona. Udada ni chama cha wasichana wa chuo, mtindo walioiga Marekani. Wanaitana dada, wanavaa sweta za zambarau, wanasafisha mifereji na kutembelea hospitali, na wana meza yao kantini karibu na dirisha. Hiyo meza ndiyo niliyoitaka. Sitadanganya niseme nilitaka kusafisha mifereji.

Shida ni kwamba huingii hivi hivi. Kwanza kuna kikao cha kujuana. Ukiwapendeza, unaalikwa kwenye nyumba wanayokaa wale wakubwa wao. Baada ya hapo wanapiga kura wenyewe kwa wenyewe, na wewe unakaa na simu yako unangoja.

Nilimwambia Mama asubuhi moja akitoka kazini, akiwa bado anavua viatu.

"Udada," akasema. "Na hao dada zako wa kanisani wana makosa gani?"

Nikasema hawana makosa, ila aliye mdogo kuliko wote ana mapacha na shida ya mgongo. Hakucheka. Akauliza kama kuna kiapo. Nikasema nadhani kipo. Akauliza kama kuna mishumaa. Nikasema labda. Akauliza kama kuna damu, na aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza kama kuna maziwa. Kisha akampigia simu anti mmoja wa kanisani, ambaye ni nesi na kwa hiyo anajulikana kujua kila kitu. Nilisikia upande mmoja tu wa mazungumzo, Mama akirudia kila alichoambiwa, mimi nimejibanza mlangoni. Anti alisema hivyo vyama ni vya pombe. Halafu akasema kuna binti wa mtu anayemfahamu aliingia kimoja na akapata mchumba, mhandisi. Mama akarudi sebuleni na uso mwingine.

"Enda," akaniambia. "Lakini ukifika kwa watu, salimia watu. Usiingie kama mbuzi."

Kikao kilikuwa kwenye ukumbi mdogo wa juu, jengo la wanafunzi. Basi lilichelewa, nikapanda ngazi nikihema, nikafungua mlango. Chumba kizima kikaniangalia. Viti vilikuwa vimepangwa viwili viwili, vikitazamana, dada wa zambarau kwenye kimoja na mgeni kama mimi kwenye kingine. Utaratibu, kama nilivyokuja kuelewa baadaye, ulikuwa huu: unaongea na dada mmoja kwa muda mfupi, msichana mrefu aliyesimama katikati anapiga kengele, unahamia kwa dada mwingine. Kwangu kulikuwa na kiti kitupu na dada mmoja ananingoja, ameshatabasamu.

Mimi nikaanza na aliye karibu na mlango. Nikampa mkono.

Anayejua ibada zetu za nyumbani ataelewa. Ukiingia sebuleni kwa mtu siku ya maombi, unaanza na wa karibu na mlango unazunguka, mkono kwa mkono, wazee, watoto, na yule aliyelala unamgusa bega. Ndipo unakaa. Sijawahi kufikiria jambo hilo, kama vile sifikirii kupumua. Na siku hiyo kichwa changu kilikuwa kimejaa woga, hakikuwa na nafasi ya kufikiri, kwa hiyo mwili ukaenda wenyewe.

Yule wa kwanza alisimama, akidhani nimemchagua yeye tukaongee. Nikamwacha amesimama nikaenda kwa wa pili. Wa pili alikuwa ameshika kikombe, akahangaika kukiweka chini. Wa tatu akanipa ngumi, ile ya kugongana, nami nikaikamata ngumi yote nikaitikisa. Mwingine akafungua mikono anikumbatie, na mkono wangu ulikuwa umeshatangulia, ukamkuta tumboni. Kila mmoja nilimwuliza habari yake, na kila mmoja, maskini, alianza kunieleza habari yake.

Nilipofika karibu nusu ya chumba nikazinduka. Hakuna aliyekuwa anaongea tena na mwenzake. Msichana wa kengele ameiinua kengele lakini haipigi. Lakini ungefanya nini? Usiposalimia mtu yeyote, watu watasema una haraka, au umepata habari ya msiba. Ukisalimia nusu ya chumba ukaiacha nusu, una ugomvi na hiyo nusu. Sikuweza kusimama hapo katikati nikatangaza kwamba hawa waliobaki nimewachoka.

Kwenye safu ya dirishani alikaa msichana mmoja, mgeni kama mimi, mwenye nywele fupi na miwani mikubwa. Nilipompa mkono akaushika, akanivuta, akagonganisha paji lake la uso na langu, kulia, kushoto, kulia tena, namna wanavyosalimiana Wakongo. Akaniambia kwa Kiswahili chao, kwa sauti ya kutosha:

"Endelea weye. Bale ba kwa kona bangali banangoya."

Nikaendelea. Wale wa kwenye kona, waliokuwa bado wanangoja kama alivyosema, nikawasalimia wote. Nilipofika kwenye kiti changu, kengele ikalia, na yule dada aliyekuwa ananingoja akainuka kwenda kwa mtu mwingine, bado anatabasamu, bila sisi kusema hata neno.

Aliyekuja baada yake alikuwa mnene, mcheshi, anasomea ufamasia. Akaniuliza, kama ningekuwa kitu cha kula baada ya chakula, cha utamu utamu, ningekuwa nini. Nilifikiria swali hilo kwa bidii isiyostahili. Nikasema uji. Akauliza uji ndio nini, nikaeleza, nikaongeza kwamba kusema kweli hauliwi baada ya chakula, ni wa asubuhi. Akacheka mpaka akajifunika mdomo. Sikujua kama ananicheka au anacheka tu. Mpaka leo sijui, na sasa haijalishi.

Tulipotoka, yule Mkongo alinifuata mpaka kituoni, ingawa basi lake la Aston lilipita upande mwingine. Akaniuliza kama natafuta kura, maana wabunge wa kwao ndio wanasalimia hivyo. Tulicheka. Halafu akaniambia, sasa bila mzaha, kwamba yeye alipoingia alikaa moja kwa moja bila kumpa mtu mkono, kwa sababu aliona wenzake wamefanya hivyo, na tangu hapo alikuwa anajisikia vibaya, anamsikia mama yake kichwani. Aliponiona mimi ninazunguka alitamani kuinuka tuzunguke wote wawili.

Nyumbani Mama aliniuliza swali moja tu, akiwa anasonga ugali.

"Uliwasalimia?"

"Wote."

"Vizuri," akasema, akaendelea na mwiko wake. Ningemwambiaje kwamba hapo ndipo nilipojiharibia?

Nilikuwa na uhakika nimejiharibia. Wiki hiyo nilirudi kwenye basi langu na mkebe wangu, nikaanza hata kumwuliza Mama maswali madogo madogo kuhusu kazi yake, zamu zinaanza saa ngapi, sare wananunua au wanapewa. Alinijibu yote, akiniangalia. Kisha ukaja ujumbe kwenye simu: naalikwa kwenye nyumba. Niliusoma nikiwa ngazini, nikausoma tena, nikashuka nikapanda bila sababu.

Nyumba yenyewe iko Kings Heath, nyuma ya barabara ya maduka, ina mlango mwembamba na baiskeli ukumbini. Safari hii tulikuwa wachache, tukaketi kwenye zulia na makochi yaliyobonyea. Nilifika mapema makusudi, nikiwa wa kwanza, ili wengine wanisalimie mimi. Mkongo alipoingia akaona ujanja wangu, akanikonyeza.

Tukapewa chai. Kila mtu akapewa kikombe cha maji ya moto na pakiti ya majani inaelea ndani na kamba yake, maziwa ukitaka unadondosha mwenyewe. Msichana mrefu wa kengele, ambaye ndiye mwenyekiti wao, akatuuliza swali la kwanza: kuna kitu gani ungebadilisha katika udada wetu? Wenzangu walisema mambo mazuri, kwamba hawaoni cha kubadilisha, labda kuongeza tu safari za hospitali. Zamu ya Mkongo ilipofika akaangalia kikombe chake.

"Chai," akasema. "Hii si chai. Haya ni maji mliyoyaonyesha jani."

Wachache walicheka. Mwenyekiti alitabasamu kwa midomo tu.

Mimi niliulizwa kwa nini nataka kuingia. Nilikuwa nimejiandalia jibu kwenye basi, lenye maneno kama kujitolea na uongozi. Lakini nilipofungua mdomo, jibu lile likawa limeondoka, nikabaki na lile la kweli peke yake. Nikasema nataka mahali pa kukaa wakati wa chakula. Nikasema huwa nakula kwenye basi.

Nikatamani zulia linifunike. Mwenyekiti akaniuliza, "Unakula nini?"

Nikasema ndengu. Hakuijua. Basi nikaeleza: ni kunde ndogo ya kijani, unailoweka, unaichemsha mpaka ipasuke, unakaanga kitunguu na nyanya, Mama anatia tui la nazi akilipata na asipolipata anatia maziwa, na lazima ilale usiku mmoja, ndengu ya leo si tamu kama ya jana. Yule wa ufamasia akauliza kwa nini. Nikasema sijui kwa nini, ndivyo ilivyo. Nilikuwa naongea na mikono yangu inaongea pia, na hakuna aliyeniambia nirudie. Niliponyamaza nikagundua nimeongea kuliko nilivyoongea tangu chuo kifunguliwe, na yote kuhusu ndengu.

Kura wakaipiga Ijumaa. Jumamosi Mama alikuwa hana zamu, akaniketisha chini anisuke. Nilikuwa kati ya magoti yake, kichwa kimekamatwa, simu iko mezani mbali, ndipo ikalia. Nikamwomba anipe. Akasema mikono yangu ina mafuta, ataisoma yeye. Yake ndiyo ilikuwa na mafuta.

Akaishika mbali na macho, akasoma polepole. Tunapenda kukushukuru kwa muda wako. Tumefurahi sana kukufahamu. Akasimama hapo.

"Hii ni kukubaliwa ama ni kukataliwa? Hawa watu mwanzo wao ni mmoja."

"Mama, endelea."

Akaendelea, midomo ikitembea kimya, mimi nasikiliza pumzi yake tu. Kisha akaweka simu chini, akashika nywele zangu tena, akazivuta kwa nguvu zaidi kuliko mwanzo.

"Tulia, sijamaliza nyuma," akasema. "Wamekuchukua."

Nilitulia. Machozi yalikuwa yanatoka, nikasema ni kwa sababu ananivuta, akasema anajua. Alisuka mpaka mwisho huku anaimba chinichini pambio la Jumapili. Nadhani alikuwa anajua pia yale maswali ya zamu na sare yalikuwa ya nini, kwa sababu alipomaliza alinigeuza uso akaniambia wazee wake wako sawa bila mimi.

Nilipompigia Mkongo simu nilianza kwa kupiga kelele kidogo, na yeye akaniacha nimalize peke yangu, ndipo nikajua. Yeye ujumbe wake ulianza hivyohivyo, ila haukuishia kama wangu. Nikamwambia kwamba na mimi nitakataa, siingii.

"Ukatae juu ya nini?" akasema. "Juu ya chai?"

Tukacheka. Akanipongeza, na nilisikia kwamba anamaanisha. Lakini kabla hajakata simu akasema kitu ambacho hakikuwa mzaha, ingawa alikisema kama mzaha: "Ingia weye. Miye nitakula wapi, hiyo ni shida yangu."

Kumbe na yeye. Sikuwahi kumwuliza anakula wapi. Mtu anayeongea hivyo, nilidhani ana watu kila mahali.

Jumatatu nilivaa sweta ya zambarau, bado ina mikunjo ya pakiti, nikaingia kantini. Wale dada wakanisogezea kiti. Ndivyo tu. Hakuna aliyepiga makofi, mmoja akaniuliza kama nimeona chumvi. Niliketi na sahani yangu ya chipsi, dirisha liko kushoto kwangu, nikasikiliza wakimsema mhadhiri fulani, na nilikuwa na furaha ya kimya, ile ambayo hutaki mtu akuulize.

Halafu nikamwona. Alikuwa na sinia lake, amesimama kwenye meza ya sosi ya nyanya, anajiwekea sosi. Anaweka, anaangalia ukumbi, anaweka tena. Hakuna chakula duniani kinachohitaji sosi muda wote ule.

Sijawahi kumwita mtu kwa sauti katika jengo la chuo. Niliangalia meza yetu: imejaa, wote zambarau, na kiti pekee kilichobaki kina mkoba wa yule wa ufamasia. Nilijiambia kwamba ndiyo kwanza nimepata, leo ndiyo siku ya kwanza, ningoje basi hata wiki moja. Nilijiambia hayo nikiwa tayari nimesimama.

"Wewe," nikaita, kwa Kiswahili, maana ndicho kilichokuja. "Kuja hapa."

Kantini yote ikageuka, au niliona hivyo. Yeye akaja, sinia mkononi, hana haraka. Mwenyekiti akaniangalia, akamwangalia, akaanza kusema kwamba hii meza, kwa kawaida, ni ya...

"Yuko na mimi," nikasema.

Haikutoka kwa sauti kubwa, na nilikuwa tayari kuirudia, lakini hakuna aliyeniomba.

Mkongo hakurahisisha mambo. Akasimama mbele ya mwenyekiti akasema, kwa utulivu, "Mlinikataa. Ni ile chai?"

Mwenyekiti akawa mwekundu. Akasema hapana, si chai, hata kidogo.

"Basi ni nini?"

"Kuna waliosema unaongea sana."

Mkongo akalifikiria jambo hilo.

"Hiyo ni kweli," akasema.

Yule wa ufamasia akaangua kicheko, akaunyanyua mkoba wake kutoka kwenye kiti, na kwa kuwa yeye ni mtu mzito, akisogea meza yote inasogea. Mkongo akakaa. Akaangalia sosi yake, nyingi ajabu, akagundua hana cha kuchovya, akanyoosha mkono akachukua chipsi kwenye sahani yangu bila kuniuliza. Mwenyekiti akamwuliza, kwa ukali kidogo, chai ya kwao inapikwaje sasa. Akaanza kueleza. Aliongea mpaka chakula cha wengine kikapoa.

Hawajamwingiza kwenye udada, sweta hana, na wapo wawili watatu ambao bado wanamkunjia uso akija. Anakuja hivyohivyo. Na mimi bado ni mtu wa maneno machache pale mezani, siku nyingine sisemi chochote ila kuomba chumvi. Hakuna anayeonekana kujali.

Siku ile ya kwanza niliketi mpaka jua likahama dirishani. Simu ikalia, ni Mama, anauliza mbona sijafika nyumbani, kuna nini.

"Hakuna kitu," nikamwambia. "Niko chuo."

"Unafanya nini huko mpaka saa hizi?"

"Nimekaa tu na watu."

Nilisikia maji ya bomba jikoni kwetu, halafu akayafunga.

"Haya," akasema. "Kaa."